Mrabaha na Mahari

Wiki ile nilipiga pasi mashuka ambayo sikuwahi kuyapiga pasi tangu niyanunue. Nilisafisha friji. Nilitoka kwangu Pearland, kando ya Houston, nikaenda Alief kununua unga na nyama ya mbuzi, nikarudi na unga bila mbuzi, nikageuza gari nikaenda tena. Binti yangu aliniangalia kutoka kwenye kochi akasema, "Mom, sit down, please." Nikaketi. Nikasimama. Jumamosi watu wa mchumba wake walikuwa wanakuja kuzungumzia mahari, na sisi hatukuwa na mtu wa kumsemea.

Mtu huyo alipaswa kuwa kaka yangu mkubwa. Mimi ni mjane, na tangu baba ya binti yangu afariki, kaka ndiye aliyesimama mahali pote ambapo baba husimama: shuleni, kanisani, hata siku ya kumfundisha mtoto kuendesha gari, kazi ambayo mimi singeiweza bila kupiga kelele. Anaishi upande wa Fort Worth. Nilimtumia ujumbe kumweleza siku na saa. Alama mbili za bluu zikaonyesha ameusoma. Hakujibu. Tulikuwa hatujasemezana tangu Pasaka, na kilichotugombanisha ni mafuta ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona.

Niseme ilivyokuwa. Miaka michache nyuma, mimi na kaka tulinunua kipande cha ardhi kusini ya Fort Worth, nusu yangu nusu yake, kwa ajili ya mama. Mama alipoletwa kutoka Kenya alikaa kwangu kwanza, na Pearland ilimshinda. Alikuwa akisimama dirishani akiangalia jirani akisukuma mashine yake. "Hawa wanapanda majani, wanayanywesha maji, halafu wanayakata na kuyatupa," alisema. "Hata mbuzi hawana." Alipunguza kula, akapunguza maneno, na mama akipunguza maneno ujue ana ugonjwa. Kule shambani tulimtafutia nyumba ndogo yenye kisima cha pampu, akapanda sukuma wiki na kunde, akapata mbuzi wake. Mwezi haujaisha akaanza tena kunisuta kwenye simu kwa nini sijaolewa mara ya pili. Nikajua amepona.

Halafu siku moja akapiga simu kusema kuna mzungu getini anamtafuta mwenye shamba, na mbwa hata hambwekei.

Alikuwa wakala wa kampuni ya kuchimba mafuta na gesi, mtu anayezunguka kutoka shamba hadi shamba akitafuta saini. Jambo la kwanza tulikosea pamoja, mimi na kaka, na nadhani Mkenya yeyote angekosea vivyo hivyo. Kaka alimwambia kwenye simu kwamba amefika mlango usio wake, aende akaongee na serikali. Kwetu ukichimba choo ukakuta dhahabu, dhahabu ni ya serikali, chako ni choo. Yule mtu alicheka mpaka akaomba radhi. Akaeleza kwamba hapa Texas kilicho chini ya ardhi kinaweza kuwa na mwenyewe kama kilicho juu, na kwamba aliyetuuzia alituachia vyote viwili. Kaka alinipigia papo hapo. "Dada, tuna mafuta," akasema. Nilikuwa kazini, nimeshika mkono wa mgonjwa ninayemtafutia mshipa. Nikamwambia nitampigia baadaye.

Sasa kaka yangu, inabidi mumwelewe, ni msemaji. Kazi yake ya mshahara ni ghala, lakini kazi yake ya moyo ni kuongea kwenye mahari. Wakenya wa Dallas mpaka Houston wakitaka kuoa humtafuta yeye. Huanzia mbali: mvua, safari, barabara, kama wageni hawakupotea. Hataji bei kwanza, hata umchome sindano. Akinyamaza, upande wa pili hujikuta wanapandisha wenyewe. Nimemwona akifanya hivyo kwenye sebule ya watu huko Arlington, na wakwe wakaondoka wakicheka huku wameahidi ng'ombe mara mbili ya waliokusudia.

Kwa hiyo yule wakala alipokuja rasmi, kaka alimpokea vile anavyojua. Mama alipika chapati. Kaka alichoma mbuzi. Mgeni alikuwa na makaratasi yake kwenye goti, kaka akayachukua kwa upole, akayaweka juu ya friji na kumpa sahani. Wakaongea ukame, wakaongea mpira wa Cowboys, wakaongea watoto. Mgeni alikula akalamba vidole. Alipotaja mrabaha, yaani lile fungu ambalo mwenye ardhi hupata kila kilichotoka chini kikiuzwa, alisema sehemu moja ya nane. Kaka alitoa mguno mdogo, kama mtu aliyekaa kwenye mwiba, akaomba chai. Hakusema kitu kingine kuhusu jambo hilo siku ile. Mgeni aliporudi mara ya pili alikuwa amefika moja ya tano, bila mtu kumwomba. Nampa kaka haki yake: mawakili wa majirani hawakufika hapo.

Ila kulikuwa na mengine. Mtambo utasimama wapi? Malori yakiharibu njia, nani ataitengeneza? Ushuru na gharama za kusafisha gesi zitatolewa kwanza ndipo tupewe fungu letu, au kampuni itazibeba? Na maji ya kisima cha mama, je? Kila nilipouliza, kaka alipunga mkono. "Hayo tutaongea tukishazoeana." Na mgeni akajibu kwamba bila shaka, wao ni majirani wema, watatuangalia. Wakashikana mikono mbele ya jiko.

Mimi ni muuguzi. Katika kazi yangu, kisichoandikwa hakikufanyika. Unaweza kumgeuza mgonjwa kutwa nzima, kumbembeleza, kumlisha kwa kijiko, usipoandika, hukumgusa. Nilichukua nakala ya mkataba nikawa naisoma kwenye kantini ya hospitali wakati wa mapumziko, na neno la maji sikuliona. Neno la njia sikuliona. Mahali pa mtambo paliachwa kwa hiari ya kampuni. Gharama zote zilikuwa juu yetu. Nilirudi wodini nikawa nazunguka vitanda hata visivyo vyangu, mpaka bibi mmoja mgonjwa akaniuliza mimi ndiye ninayeumwa?

Nikaanza kusoma kwenye simu habari za mikataba ya kwanza ya mafuta, ile ya zamani, nchi za watu. Nilisoma jinsi watawala walivyopewa kiasi kidogo kwa kila tani, na kampuni ikasamehewa ushuru wa forodha kwa kila ilichoingiza, mashine na vyakula, kwa muda ambao wajukuu wangezeeka kabla haujaisha. Watu huwacheka wale wazee. Mimi sikuweza. Niliwaona wakimkaribisha mgeni, wakimmiminia kahawa, wakisema mengine tutaongea tukishazoeana. Nilimwona kaka yangu na sahani ya mbuzi. Hasira ikanipanda, wala sijui nilimkasirikia nani.

Siku ya kutia saini ilikuwa Jumamosi baada ya Pasaka. Nikiwa njiani, kwenye barabara kuu ya I-45, nilimpigia kaka.

"Hiyo karatasi haina maji ya mum," nikamwambia. "Haina kitu."

"Ame-promise. Ahadi ni deni."

"Mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hiyo ni methali."

"Dada, usije ukaniharibia. Huyu jamaa tumefika naye mbali. Ukianza kumletea mambo ya lawyer ataona hatumwamini."

"Si kweli hatumwamini?"

Akakata simu. Nikaendesha nikiongea peke yangu mpaka Corsicana.

Tuliketi kwenye meza ya jikoni kwa mama. Mama alikuwa nje na mbuzi wake, na mlango ulikuwa wazi, nilimwona akichota maji ya bomba la kisima kwa ndoo ingawa ana mpira mrefu wa kumwagilia, kwa sababu mpira hauamini. Mgeni akatoa kalamu mbili. Kaka akaanza maneno yake mazuri, kuhusu jinsi tulivyokuja wageni katika nchi hii na sasa tumepata mgeni wetu. Nikamkatiza. Nilisema kwa Kiingereza, nikimwangalia yule mtu usoni, kwamba sitatia saini mpaka iandikwe mtambo hautasogea karibu na nyumba wala kisima, kampuni itapima maji kabla na baada, itatengeneza njia, na fungu letu halitakatwa gharama.

Kaka alitabasamu ili mgeni asijue, akaniambia kwa Kiswahili, "Nyamaza kidogo. Unaniaibisha mbele ya mgeni."

Ningeweza kumjibu kwa Kiswahili. Nilimjibu kwa Kiingereza. Nilisema huyu si mkwe wetu, ni kampuni.

Yule mtu akaweka kalamu chini. Hakukasirika hata kidogo. Alisema mambo hayo yote anaweza kuyaongeza kwenye ukurasa wa ziada, ni kawaida, atautuma Jumatatu. Halafu, bila ubaya wowote, akaongeza, "Nobody asked."

Nilimwona kaka akilipokea neno hilo. Ziara zote zile, mbuzi, chai, mguno wa mwiba, na jawabu lilikuwa kwamba hakuna aliyeuliza. Alinyanyuka akamsindikiza mgeni hadi kwenye gari lake, maana adabu hakuiacha, kisha akanisubiri uani.

"Unajua kwa nini mahari haimalizwi?" akaniuliza. "Ukimaliza kulipa, umenunua. Ukibakisha, umeoa. Mtu mkishamaliza naye kila kitu, umemwambia asirudi."

"Hatukuwa tunamwoza mama. Tulikuwa tunalinda maji yake."

"Sawa," akasema. "Wewe ndiye unajua."

Karatasi zilikuja Jumatatu kweli, na kila neno langu lilikuwamo. Nikatia saini yangu Pearland, yeye akatia yake Fort Worth. Hakuna aliyekuja kuchimba mpaka leo. Wanasema bei ya gesi haijawafaa. Maji ya mama ni yale yale. Yeye ndiye aliyekuwa akiuliza kila wiki mbona siku hizi ukija kaka yako haji, na akija yeye wewe uko kazini. Nilimwambia ni zamu za hospitali. Mama si mtoto, lakini aliliacha.

Nilikuwa na haki, na nitasema hivyo nikiulizwa. Haki hiyo haikunipa usingizi, na sasa ilikuwa inamwacha binti yangu bila mjomba. Ijumaa nilimpigia mzee mmoja wa kanisa anayekaa Stafford nikamwomba awe tayari kutusemea. Akakubali, ila akaniuliza swali nililokuwa nalikimbia: "Na kaka yako je?"

Jumamosi wageni walifika mapema kuliko Wakenya wanavyoruhusiwa kufika. Kijana mwenyewe na baba yake, shangazi yake mwenye kilemba cha buluu, na mjomba wake kijana ambaye ni mhasibu na ndiye angeongea kwa upande wao. Nilikuwa nikiwapa maji nikitupa jicho dirishani. Mzee wa Stafford alikuwa amekwisha kukohoa ili aanze, ndipo gari la kaka likaingia. Akashuka amevaa suti, akafungua mlango wa pili, akamtoa mama. Alisalimia chumba kizima, mmoja mmoja. Mimi alinipa mkono na kusema, "Mwenye nyumba, hujambo?" kama mtu aliyenijua jana.

Akaketi. Tulisubiri mvua, safari, barabara. Badala yake akatoa karatasi mfukoni mwa koti.

"Dada yangu anapenda mambo yaliyoandikwa," akasema. "Kwa hivyo leo tutaenda haraka."

Akasoma. Ng'ombe, wakageuzwa pesa. Mbuzi, vivyo hivyo. Blanketi, asali, vitu vya mama. Bei zenyewe zilikuwa za haki, hakuna hata moja iliyouma. Yule mjomba mhasibu alifurahi kama aliyefunguliwa mlango wa ndege. "Hii ni system poa sana," akasema. "Tunaweza ku-clear yote leo? Natuma saa hii." Kaka akasema mnaweza. Simu yangu ikalia mfukoni, ikalia tena, pesa zikiingia. Wakatia saini, kaka akatia saini, vijana wakapiga makofi. Chai ilikuwa bado inachemka.

"Tumemaliza," kaka akasema. "Hatudaiani."

Shangazi mwenye kilemba aliacha kutabasamu. Baba ya kijana akaangalia zulia. Mama, aliyekuwa amesinzia kidogo, akainua kichwa.

"Wamebakisha ngapi?" akauliza.

"Hakuna, mama," kaka akamjibu. "Imeisha yote."

Mama akawaangalia wageni kwa huruma. "Sasa hawa watarudi hapa kutafuta nini?"

"What did she say?" binti yangu akauliza. Hakuna aliyemtafsiria.

Nilikuwa nimesimama na sinia. Kaka hakunifanyia uongo. Alinipa kila nilichokidai kwa ajili ya mama, neno kwa neno, akakiweka juu ya mtoto wangu. Nilitaka kumrushia sinia. Nilitaka pia kumshika miguu. Binti yangu alikuwa amelipiwa kama friji, na waliomlipia walikuwa watu wema ambao hawakujua wamefanya nini.

Nikaweka sinia chini. Mwanamke haongei kwenye mahari ya bintiye, najua, lakini nilikuwa nimekwisha kuongea kwingine.

"Kuna mbuzi wa nyanya yake," nikasema. "Hakutajwa."

Mhasibu akashika simu yake. "Pole sana. Ni how much? Natuma."

"Usitume. Mtamleta."

"Sawa. Lini, tuandike date?"

"Msiandike."

Alinitazama asielewe. Shangazi yake akaelewa, akapiga goti lake kwa kiganja. "Na tukichelewa?"

"Hapo ndipo mtakuwa mmefanya vizuri," nikamwambia.

Akapiga kigelegele ambacho majirani wa Pearland hawakukiagiza. Mama akauliza mbuzi huyo ni wa kike au wa kiume, ubishi ukaanza, na baba ya kijana akaanza kueleza kwamba kwao mbuzi wa nyanya hutolewa baada ya mjukuu wa kwanza. Sikumwangalia kaka. Nilikimbilia jikoni nikafungua bomba bila sababu.

Alinifuata baada ya muda. Alisimama karibu na friji, mkubwa, suti ikimbana mabega. Nikammiminia chai.

"Maji ya mum yako sawa," akasema. "Nilipeleka yakapimwe mwenyewe juzi."

"Ulipeleka?"

"Ulifanya vizuri, ile siku. Karatasi ni nzuri."

"Lakini nilikuaibisha," nikasema. "Kaka, mbele ya yule mtu, na kwa Kiingereza. Nataka nikuombe..."

"Usiombe."

"Niache niseme."

"Ukiomba nitakusamehe," akasema. "Na nikikusamehe tutakuwa tumemaliza." Akachukua kikombe chake, akakipuliza. "Wacha ikae. Nitakuja kuidai Krismasi."

Akarudi sebuleni. Nilibaki nimeshika chupa ya chai, nikilia kwa sauti ya maji ya bomba, na nikamsikia anakohoa, anaketi, anawauliza wageni kama huko kwao mvua imenyesha.